Kumbukumbu za Wodi ya Wazazi

Kiyoyozi cha chumba cha mashine kilikata roho saa nne asubuhi, na kompyuta kuu, pana kama makabati manne yaliyobanana, ikaanza kutoa joto la tanuri. Mama Kanda, aliyebandikwa jina hilo tangu enzi za kuhifadhi data kwenye kanda, alikuwa mbele ya skrini. Wiki nzima alikuwa akipakua kumbukumbu za hospitali kuzihamishia mashine mpya. Kazi sita zilikuwa kwenye foleni. Ya saba, ya wodi ya wazazi, ilikuwa ikiendelea, imevuka nusu.

Meneja aliingia akijifuta jasho. "Zifute kazi zote kwenye foleni, dada yangu. Tuizime kabla haijaungua."

Zile sita alizifuta bila kinyongo, hazikuwa zimeanza. Kwa ya saba mkono ukawa mzito.

"Bosi, nipe dakika ishirini."

"Hata tano huna. Shika hapa uone." Mlango wa mashine ulikuwa hauguswi kwa joto.

Hakumweleza. Miaka kumi na tisa iliyopita kifungua mimba wake alizaliwa kwenye wodi ile, akaishi siku mbili. Picha hakupigwa. Mafaili ya karatasi yaliliwa na mchwa. Nje ya kifua chake, mtoto yule alikuwa amebaki mstari mmoja tu, nao upo mwishoni mwa orodha ile ya wodi.

Aliandika amri ya kufuta. Mashine ikagoma: kazi bado inaendelea. Akaandika tena, akiongeza neno la kulazimisha, akabonyeza. Skrini ikanyamaza.

Siku ya tatu kiyoyozi kilipona na mashine ikawashwa. Zile kazi sita alizianzisha upya, zikamalizika salama. Diski ya wodi ya wazazi, iliyokatizwa katikati ya kazi, haikusomeka tena, na fundi aliyeitwa alitikisa kichwa tu, akafunga mkoba wake.

"Umeiokoa mashine," meneja alimwambia. Aliitikia, "Asante."

Nyumbani alimkuta mumewe akipiga pasi. Akamsimulia yote akiwa amesimama, mkoba ungali begani. Mume alichomoa waya wa pasi.

"Ungenipigia simu."

"Ungefanya nini, baba? Diski ungeifufua wewe?"

"Nisingefanya kitu. Ningekuja tu, tukae wote pale."

Kwa miaka yote ile walikuwa hawajamtaja mtoto. Mama Kanda aliketi juu ya nguo zilizonyooshwa, akalia, na mumewe hakumwambia anyamaze.