Kofia ya Sajenti Sikuli

Apollinaire alikuwa na duka la vyuma pale Vulamba, mjini Butembo. Aliuza misumari, bawaba, makufuli na mabati, lakini moyo wake haukuwa dukani. Ulikuwa katika chumba cha nyuma, alimoweka vitu vya vita vya zamani. Mtu akichimba msingi wa nyumba huko Lubero akakuta kifungo cha koti la askari wa wakati wa Wabelgiji, alimletea yeye. Wajane wa Kirumba walimletea nishani zilizoliwa na kutu, mikebe ya kulia chakula, na tarumbeta moja iliyopasuka mdomo. Mkewe, Kanyere, aliviita takataka. Hata hivyo, yeye ndiye aliyevifuta vumbi kila Jumamosi.

Kitu alichokipenda kuliko vyote kilikuwa kofia ya chuma ya babu yake, Sikuli, aliyekuwa sajenti wa Force Publique, jeshi la Wabelgiji huko Kongo. Sikuli alikwenda mpaka Abisinia kupigana na Waitaliano, akarudi na sikio moja lisilosikia. Kofia ilikuwa pamoja na koti lake la kaki na mkanda wake.

Siku moja, kwenye simu, Apollinaire alikuta nyumba ya mnada huko Ubelgiji iliyouza vitu kama hivyo tu. Akatuma picha. Wakamjibu kwa heshima kwamba wangeipokea kofia, koti na mkanda, na kwamba katika kitabu cha mnada wangeandika jina la mwenyewe: Sajenti Sikuli, mtu wa Butembo. Neno hilo lilimkaa rohoni. Msalaba wa kaburi la babu yake ulikuwa umeoza zamani, na hakuna mahali popote duniani palipoandikwa kwamba mtu huyo aliwahi kuishi.

"Unauza muzee wako?" Kanyere alimuuliza.

"Siuze muzee. Ninamutuma mahali batamusoma."

Mzigo ulipaswa kupitia Beni na Kasindi hadi Uganda, na huko ndiko ungepanda ndege. Apollinaire alimwita Bilali, rafiki yake tangu enzi za ujana walipokuwa wakinunua maharagwe pamoja kwenye soko la Kirumba. Sasa Bilali aliishi Beni na mkewe Hadjara na watoto, akiendesha lori lake mwenyewe, Fuso. Alikipokea kisanduku cha kofia, koti na mkanda bila kukifungua.

"Ni bintu bya muzee tu," Apollinaire alimwambia. "Bya kitambo."

"Kama ni bya muzee, bitafika."

Mawingu yalikuwa mazito, basi Bilali akakisukuma kisanduku chini ya magunia ya maharagwe kisije kikalowa. Kisha akapiga honi na kuondoka.

Kesho yake Hadjara alipiga simu. Sauti yake ilikuwa ndogo, kama ya mtu anayeogopa kusikiwa.

"Papa Apollinaire, bamekamata Bilali ku barière, pale banasimamisha magari. Banasema alificha bintu bya basoda chini ya maharagi."

Vitu vya askari? Apollinaire alifunga duka na kupanda gari la kwanza la Beni. Njia nzima alijiambia kwamba ni jambo la kueleza tu: atakaribishwa kiti, ataeleza, watacheka, na jioni watakula kwa Hadjara.

Kwenye ofisi ya jeshi alipokelewa na kapteni mmoja mwembamba, mwenye macho mekundu ya kukosa usingizi. Kofia ilikuwa juu ya meza. Apollinaire alipoiona pale, kati ya kikombe cha chai na rundo la karatasi, alitamani kuifunika.

"Hii ni ya nani?"

"Ni yangu, mon capitaine. Ilikuwa ya tate, baba wa baba yangu. Bilali hajui kitu."

"Tate wako alikuwa mu kundi gani?"

"Hapana kundi. Alikuwa soda wa Wabelgiji. Alipigana Abisinia."

"Abisinia iko wapi?"

"Ni Ethiopia ya leo."

Kapteni aliandika. "Donc, basi, bintu bilikuwa binaenda Ethiopia."

"Hapana, mon capitaine! Bilikuwa binaenda Ubelgiji. Ku mnada."

Kapteni aliweka kalamu chini. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililomvunja Apollinaire nguvu.

"Muzee, sikia. Kando ya Mangina, baasi ba mu pori balikuja na manguo kama ya kwetu. Mama moja alibafungulia mulango, alizani ni siye. Mimi njo nilimuzika, na batoto bake. Sasa weye unaniambia koti ni ya kitambo. Mwenye kufungua mulango, ataona kama ni ya kitambo?"

Apollinaire alisema lile moja alilobaki nalo: "Basi munifunge miye. Mumuache Bilali."

"Hapa hapana soko ya kubadilisha batu. Yeye balimukamata na muzigo. Weye umekuja na kinywa tu. Rudia kwako. Tukikuhitaji, tutakuita."

Hawakumwita kamwe.

Alitafuta wakili, Maître Sophie, mwanamke kijana aliyezijua ofisi zote za Beni. Alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akavua miwani.

"Papa, mukoa iko chini ya état de siège, utawala wa jeshi. Ni basoda banahukumu. Sheria inasema effets militaires, bintu bya jeshi. Haiseme bipya ao bizee."

"Na nikileta mutu wa kuwaeleza? Mwalimu wa historia?"

"Mulete. Batamusikiliza."

Mwalimu aliletwa, akasikilizwa, akashukuriwa. Bilali alibaki ndani.

Huko nyumbani Kanyere alisimama mlangoni pa chumba cha nyuma na ufagio mkononi. "Na hibi bingine, tufanye je?"

Apollinaire alikuwa amemuuliza wakili swali hilo hilo. Akivitupa mtoni, watasema amefuta ushahidi. Akivizika, amevificha. Akivipeleka mwenyewe, basi kesi ya Bilali inaongezeka uzito, maana itaonekana kuna ghala. "Usiguse," alimwambia mkewe. "Funga tu." Kanyere akafunga. Tangu hapo hakuna aliyefuta vumbi.

Apollinaire alikuwa akienda Beni kila alipoweza, na Hadjara akimpa sahani ya wali na sombe, mboga ya majani ya muhogo, ampelekee Bilali. Gerezani waliruhusiwa kuonana kwa kitambo kidogo. Bilali alikuwa anakonda, na kikohozi kimemshika. Hakumlaumu hata mara moja. Aliuliza habari za njia: tope limezidi wapi, nani anapakia sasa mzigo wa Kirumba. Apollinaire aliomba moyoni atukanwe, angalau mara moja, apate la kujitetea nalo. Bilali alikula, akafuta vidole, akamrudishia sahani.

Siku ya mnada ilifika. Apollinaire aliitazama kwenye simu akiwa dukani, wateja wakimsubiri. Mzungu mwenye tai alisimama juu, akataja kitu, watu wakainua mikono, nyundo ikagonga. Ikapita kofia ya Mjerumani. Ikapita filimbi ya Mwingereza, na majina ya wenyewe yakisomwa. Zamu ya namba ya kofia yake, iliyokuwa bado kitabuni, ilipokaribia, mtandao ukakatika. Uliporudi, mzungu alikuwa mbele sana. Baadaye walimwandikia: kitu chake hakikufika, kimeondolewa, wanatumaini kufanya kazi naye wakati mwingine.

Mteja mmoja aligonga meza. "Papa, misumari!"

Akampimia misumari.

Mwisho wa mvua Hadjara alikwenda gerezani na sahani, akaambiwa Bilali hayupo. Walimpeleka Kinshasa kwa ndege, yeye na wengine. Kesi itasikilizwa huko. Lini? Mlinzi hakujua. Bilali alipiga simu mara moja kwa namba ya mtu mwingine, akasema yu mzima, simu ikakatika. Hadjara alipoipiga ile namba, aliyeipokea alisema kwa Kilingala kwamba hamjui mtu huyo. Maître Sophie aliandika barua, akaandika tena. Kinshasa ni mbali. Huko hata yeye hakujulikana.

Fuso ilibaki nje kwenye uwanja wa barière, magurudumu yametoweka moja baada ya jingine. Hadjara alijaribu kuuza mafuta ya mawese pale nyumbani, haikutosha. Kaka zake walio Bunia wakamwambia aje na watoto.

Apollinaire alifika Beni asubuhi ya kuondoka kwao. Hakuombwa kuja. Alikuta gari limeshasimama, godoro limekunjwa na kufungwa kamba, masufuria yamo ndani ya beseni. Akavua koti, akabeba. Alibeba godoro, akabeba viti, akarudi kuchukua gunia la nguo, na ndani yake, kupitia tundu, aliona shati la Bilali la bluu. Akalisogeza ndani asilione mtu.

"Mama Hadjara," alianza, "nitaendelea kutafuta. Nitaandika hata—"

"Najua, papa." Alikuwa anamfunga mtoto mdogo mgongoni. "Unasaidia siku zote."

Alisema bila kejeli, kama anavyomwambia jirani yeyote. Kisha akapanda, akawahesabu watoto kwa kuwagusa vichwa, akamfanyia dereva ishara. Apollinaire alishikilia mlango wa nyuma mpaka ukafungwa vizuri. Gari likashika barabara ya Bunia, naye akabaki ameshika kipande cha kamba kilichobakia, asijue akiweke wapi.