Msichana Aliyewahi Basi

Katika hadithi zangu zote, mwenye haraka aliumia. Mmoja alivunjika mguu, mwingine alisahau mtoto sokoni. Chuo cha ualimu ndiko nilikofundishwa hivyo: kwenye hadithi anayekimbia hujuta, anayesubiri hutuzwa. Serikali ilipoacha kuajiri walimu wapya, nilipata kazi ya kupiga chapa katika duka la karatasi la Mzee Indravadan, Kariakoo, nikaendelea kusubiri.

Shukuru aliuza mashati ya mitumba Mchikichini. Alikuja kupigiwa chapa barua moja, kisha akawa anakuja kusoma hadithi zangu, amekaa juu ya boksi, miguu haitulii.

"Mwalimu, hata huyu umemuua?"

"Alivuka barabara bila kutazama."

"Aa! Ukikabidhiwa Bongo hii, kesho hatuna makonda."

Nilicheka nimeinamia mashine. Mjini hapa hakuna mwingine aliyenichekesha.

Jumatano aliniambia anahamia Tunduma. Siku hizi kuvusha bidhaa ni ruksa, mpakani kuna biashara. Akaweka mezani hadithi yangu ya msichana anayemsubiri mchumba dirishani.

"Badilisha mwisho," alisema, safari hii hacheki. "Basi linaondoka Mnazi Mmoja kesho saa tisa. Niletee. Akibaki dirishani, nitajua. Akitoka, nitakuja kujitambulisha kwenu."

Kesho yake saa saba nikaanza kuchapa. Msichana anatoka mbio, kanga inamdondoka, haiokoti, analiwahi basi. Neno "akakimbia" nililikosea. Nikalipaka wino mweupe, nikangoja ukauke. Ukaacha doa. Nikaanza ukurasa upya.

"Binti!" aliita Mzee Indravadan, aliyesikia yote jana. "Saa tisa kasorobo hiyo. Hata chafu inasomeka. Kimbia!"

Nikamaliza mstari, nikatoka. Lakini Kariakoo ukikimbia, watu hutazama kwanza mikononi umeshika nini. Nilikuwa nimepiga hatua kama kumi za mbio Mtaa wa Uhuru muuza kahawa aliponigeukia.

"Dada, umeiba nini? Moyo wa mtu?"

Wenzake wakaangua kicheko. Uso ukaniwaka. Nikaficha karatasi kwenye mkoba, nikatembea kama mtu aliyetoka kununua nyanya. Hata nilipowapita mbali sikuweza kukimbia tena.

Mnazi Mmoja nilimkuta mama mmoja anafagia maganda ya machungwa.

"Shikamoo, mama. Basi la Tunduma?"

"Marahaba. Limetoka sasa hivi, mwanangu. Kuna kijana alining'inia mlangoni anaangalia nyuma, mpaka konda akamvuta ndani."

Nilisimama pale mpaka akafika kufagia miguuni pangu, nikampisha. Shukuru hakuwa ameniachia anwani.

Dukani Mzee Indravadan aliinua macho kutoka kwenye gazeti.

"Msichana aliwahi?"

"Kwenye karatasi, Mzee."

Nikaitoa mkobani, nikainyoosha kwa kiganja. Ilikuwa safi kabisa, haina doa hata moja. Nikaitia kwenye droo, nikaweka karatasi mpya kwenye mashine, maana mteja alikuwa anasubiri.