Zimwi la Chuma na Sauti ya Bibi

Jana mchana, nimekaa pembeni ya kitanda cha bibi, usingizi ulinipitia nikaota.

Msinicheke. Kitabu ndicho kilichoniponza. Ni ile hadithi ya zamani ya zimwi lililomfungia mtoto ndani ya ngoma ili aimbe, ila humu zimwi ni la chuma na ngoma ni chombo cha anga. Kitamu hicho, acha tu! Nilikuwa namsomea Bibi Mwanahawa kwa sauti, maana tangu apate kiharusi, mwezi wa tatu huu, hajatamka neno. Nimeikumbuka sauti yake, jamani.

Basi ndotoni nipo mwezini, na kanga yangu. Zimwi limekalia ngoma, linakuna goti lenye kutu.

"Shikamoo," nasema.

"Marahaba. Umetukwamisha wewe. Tangu ukurasa wa kwanza hatujaruka."

"Nimefanya nini?"

"Umeanza hadithi bila kusema paukwa. Sasa mtu akuitikie nini?"

Kweli bwana! Kitabuni halikuandikwa, nami nikapitiliza. Na bibi ndiye aliyenifundisha kwamba hadithi haianzi mpaka msikilizaji aitikie.

"Humo ndani yumo nani?" nauliza.

"Bibi yako," inajibu ngoma yenyewe, kwa adabu. "Yuko kimya anangoja umwite."

Nikapaza sauti: "Paukwa!"

"Pakawa!" Ni yeye, na mkwaruzo wake ule ule. Ngoma ikafunguka, na mwezi ukawa jiko letu la Pangani. Bibi akatoka, akalitazama zimwi juu mpaka chini.

"Zimwi zima, goti linalia hivyo! Huna watu kwenu?" Akachukua chupa ya mafuta ya nazi, akaanza kulipaka. Zimwi likatulia kama mtoto anayesukwa nywele.

Nikaamka. Kitabu kilikuwa kifuani. Bibi amelala vile vile, macho kanikazia. Niliogopa kujaribu, lakini nikajaribu.

"Paukwa, bibi."

Midomo ikahangaika, ikahangaika.

"Pa... kawa."

Nikaushika mkono wake nikilia. Kiganja kilikuwa kinateleza, kinanukia nazi. Bibi akavuta pumzi, akauliza taratibu:

"Goti lake... limepona?"