Tundu la Kitufe Chekundu

Kukataa nilikataa, mpwa wangu. Tatizo nilikataa huku nimeshika nyundo.

Ngoja nikueleze, maana wewe umesikia juu juu tu. Yule mkwe wangu, fundi umeme, aliamua kuwatengenezea watoto mashine ya gemu, ile ya kusimama, kabati zima. Mbele yake kuna ubao wa kuwekea mikono: kijiti cha kuendeshea kushoto, vitufe vimejipanga kulia. Ubao alishautoboa, akaupiga msasa, nyaya akazikata kwa kipimo. Kilichobaki ni kubandika picha juu yake. Na picha yenyewe ni ile aliyoichora marehemu binti yangu kabla hajalazwa. Familia nzima tumesimama mlangoni: mimi na kandambili zangu, mkwe na bisibisi yake, watoto, na yeye mwenyewe pembeni anacheka, kichwa kaegemeza upande kama alivyozoea. Nakala hakuna. Ni hiyo hiyo.

Niliitwa kwa sababu mkwe alishajaribu mwenyewe. Unajua alifanya nini? Alitandaza picha juu ya ubao, akaipitishia drili. Drili na karatasi, wapi na wapi! Ikaikamata, ikaizungusha, ikaichana. Nilipofika, kwenye picha sina mguu.

“Babu, umekatika mguu,” akaniambia mjukuu wangu wa kike, yule mdogo mwenye mdomo.

“Si neno. Hata huu uliobaki siku hizi haunisikii.”

Tukacheka. Siku hiyo hatukucheka tena.

Mimi ni mshona viatu, unajua. Lakini zamani watu walikuja pia kukatiwa vile visahani vya ngozi vya pampu za maji. Chuma chake bado ninacho, nilikinoa mwenyewe kutoka kipande cha bomba, mdomo wake mviringo, na upana wake unalingana na kitufe kabisa. Chini unaweka ngozi nene. Juu ya picha unasimamisha chuma wima, unapiga nyundo mara moja. Moja tu! Ukirudia, chuma kimeshasogea, ukingo unatoka na meno.

Sasa, ili nijue pa kukata, nikaibana picha juu ya ubao nikaviinua vyote dirishani. Mwanga ukapita kwenye matundu, yakawaka nyuma ya karatasi. Moja kwenye ukuta wa kuchorwa. Moja kwenye sketi ya mtoto. La mwisho, la kitufe chekundu, likawaka usoni mwa binti yangu. Paji mpaka kidevu, utadhani alipimiwa.

“Mkwe wangu, tuisogeze picha.”

“Ikisogea, baba, tundu la kijiti linawala watoto pichani.”

“Basi ziba tundu hili, toboa lingine pembeni.”

“Kidole hakitafika. Na nyaya nimeshazikata.” Akajifuta mikono kwenye suruali. “Baba, hii ni karatasi. Kitufe kitaziba, nani atajua?”

“Mimi nitajua.”

“Kama huwezi, sema tu. Nitamalizia na drili.”

Wewe utasema ningeichukua picha niondoke. Niondoke na picha ya nani? Ni ya watoto wake, nao wamesimama pale wanaruka ruka, wanataka kucheza. Na drili ingemla binti yangu mpaka mabega.

Mke mpya akatoka jikoni, akaangalia, akaelewa haraka kuliko mumewe.

“Baba, kuna vitufe vya plastiki vinavyoonyesha ndani. Tunaweza kuurudisha uso chini yake, uonekane.”

Alisema kwa nia njema, simlaumu. Nikamgeukia mjukuu. “Hiki kitufe chekundu cha nini?”

“Cha ngumi, babu!”

“Haya. Mnataka mtoto akitoka shule awe anampiga mama yake usoni?”

Hata yule mwenye mdomo akaficha mikono nyuma.

Nikasimamisha chuma. Niliomba mkono utetemeke, nipate kisingizio. Haukutetemeka, mpumbavu yule. Pigo moja.

“Baba, hii kazi ya kiwandani!” mkwe akasifu, anapitisha kidole ukingoni. Maskini, nilitamani tundu litoke baya.

Uso wenyewe ulibaki umenasa ndani ya chuma. Nikausukuma kwa kidole, ukaangukia kiganjani, bado unacheka. Nikautia mfuko wa shati.

Wakabandika picha, wakafunga vitufe. Kile chekundu ndicho kilichopendwa. Tak, tak, tak, mpaka mke mpya akapaza sauti: “Jamani, chakula kimepoa!” Meza ilikuwa imejaa misumari na mabaki ya nyaya, akavikusanya vyote kwa kiganja, akaifuta meza, akapanga sahani. Mkwe akanivutia kiti. Hakuniangalia.

“Babu, umeshika nini mfukoni?”

“Kiraka cha mguu wangu. Kula.”

Basi tukakaa wote, tukala.