Kitufe Chekundu cha Akelo

Kitufe cha kwenye simu, jamani, msikione hivyo. Ni picha tu. Mtengenezaji anachora kisanduku, anakipaka rangi, anaandika maneno juu yake, na hapo bado hakijui lolote mpaka akiandikie amri nyuma ya pazia: ukibonyezwa, fanya hili. Bila amri ile ni uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Akelo aliyajua hayo kuliko mtu yeyote pale Nyegezi alikofanyia kazi. Alikuwa anatengeneza programu ya kuwaokoa wavuvi. Sura yake aliimaliza kwanza, ndivyo wafanyavyo, ili wafadhili waione: ramani ya ziwa, na chini yake kitufe chekundu, OMBA MSAADA. Ukikibonyeza, kiduara kinazunguka sekunde tatu, halafu yanatokea maandishi ya kijani: Msaada unakuja. Lakini kiduara hakikuwa kinatafuta chochote, na maandishi yale hayakutoka kwa mtu. Aliyaweka ili onyesho lipendeze. Amri yenyewe, alisema, ataiandika wiki ijayo.

Mchumba wake Otuoma, mvuvi wa Igombe, aliiona akaitaka. "Niwekee na mimi, nikawaringie wenzangu." Akamwekea. Je, alimwambia kwamba haijakamilika? Hakumwambia. Walikuwa wanacheka, akasahau.

Wiki hiyohiyo injini ikawafia ziwani, yeye na mwenzake Ogada, mtumbwi ukawa unaingiza maji. Ogada, aliyepona kwa kukumbatia dumu, ndiye aliyesimulia. Kisiwa kilikuwa karibu, yeye akataka wapige kasia. Otuoma akabonyeza kitufe, akamwonyesha simu. "Tulia wewe, Akelo ameshajua." Wala hakumpigia mtu. Ampigie wa nini, na kioo kimeshamjibu? Wakangoja mpaka upepo ukawapindua. Otuoma hakuonekana tena.

Msibani, mama yake Otuoma, Evelina, alimshika Akelo mikono mbele ya watu wote. "Angalau mwanangu alikufa akijua kwamba unakuja." Akelo akaangua kilio, watu wakadhani ni uchungu. Ilikuwa aibu. Akaapa atamwambia mama ukweli, na kila alipofunga safari, akaishia njiani akarudi.

Miezi mitatu ikapita ndipo akaiandika ile amri, na programu ikajirekebisha yenyewe kwenye kila simu iliyokuwa nayo. Kesho yake saa nne asubuhi, jua linawaka, simu yake ikalia. Kwenye kioo: OTUOMA ANAOMBA MSAADA.

Simu ile, alivyojua yeye, ilikuwa chini ya ziwa pamoja na mwenyewe. Akaizima yake, akaifungia kwenye droo. Siku ya pili, ameiwasha tena, saa nne ileile ikalia. Siku ya tatu pia. Nukta kwenye ramani ilisimama ukingoni mwa maji, Igombe. "Nakuja," Akelo alijikuta anaijibu simu kwa sauti, wenzake ofisini wakageuka kumtazama. Alikuwa anaogopa, hasa kwamba ni Otuoma kweli. Siku ya nne akaenda.

Nukta ilimfikisha kwenye jiwe kubwa ufukweni. Juu yake ameketi mama Evelina, simu ya Otuoma mkononi, bado imefungwa kwenye nailoni kama wavuvi wanavyozifunga.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu." Hakushtuka hata kidogo. "Kabla hawajapinduka, Otuoma alimvisha Ogada simu hii shingoni, Ogada akaniletea. Kila siku, saa ile waliyozama, nakuja hapa nakibonyeza. Kinaniambia msaada unakuja, roho yangu inatulia." Akamtazama sana. "Miezi mitatu sijaona mtu. Leo umekuja. Kwa nini leo?"

Akelo angeweza kusema mtandao ulisumbua. Uongo ulikuwa tayari umefika kwenye ncha ya ulimi, na mama angeupokea.

"Kilikuwa hakijaunganishwa, mama. Siku ile kilikuwa rangi tu. Na mimi sikumwambia."

Afadhali mama angempiga makofi. Aliinamisha kichwa, akabonyeza. Simu ya Akelo ikalia mfukoni. Mama akangoja inyamaze, akabonyeza tena. Ikalia.

"Kumbe kinaita," akasema. "Mbona ni rahisi hivi?"