Kahawa ya Georgina

Miaka yote Georgina alipochemsha kahawa ya kutafuna jikoni kwake Kashozi, hakuna mwanaume wa ukoo aliyewahi kuuliza ni ya nani. Alichuma buni zikiwa bado mbichi, akazichemsha na majani yanayonukia, akazianika juani, akazifunga na kwenda kuziuza stendi ya Bukoba. Wavuvi wa visiwa vya Muleba walizigombania, maana huzitafuna wasisinzie ziwani. Mgambo wakimkimbiza, alirudi. Wakimnyang'anya beseni, alinunua jingine. Shemeji yake Apolinary hakuwahi hata kumpa pole.

Halafu afisa biashara wa halmashauri akaja kwenye mkutano wa kata, akawahimiza wafanyabiashara wadogo warasimishe biashara zao. Wasajili jina, wapate namba ya mlipakodi, wachukue leseni, wauze popote bila kukimbizwa. Georgina alirudi nyumbani amechangamka kama msichana. Jioni hiyohiyo Apolinary akabisha hodi.

"Hongera, shemeji," alisema. "Hiyo leseni tutaiandika jina langu."

"Jina lako limeingiaje?"

"Kahawa ni mali ya wanaume, waitu. Mibuni ilikuwa ya marehemu kaka yangu, na kaka hakuacha mtoto wa kiume. Wewe utaendelea kupika kama kawaida."

Kama kawaida! Kumbe biashara ilipokuwa ya kukimbizwa ilikuwa yake. Leo inataka kuheshimiwa, imepata mwenyewe.

"Sitaki," alisema.

"Basi usiguse hata shina moja la mbuni kwenye kibanja hiki."

"Sitagusa."

Apolinary aliondoka akicheka, akijua atakuja kubembelezwa. Tusidanganyane, Georgina aliogopa sana: bila buni hana cha kuchemsha, na binti yake Edvina alikuwa anasomeshwa na beseni lile.

Kesho yake alipanda bodaboda hadi Rubafu, kwa rafiki yake Jesca aliyekuwa na mibuni yake mwenyewe. Jesca alimsikiliza hadi mwisho, akamtukana Apolinary kwa Kihaya, kisha akakubali kumuuzia buni, akamtafutia na majirani wengine. Siku aliyopangiwa kusajili, Georgina aliingia ofisini mjini akamkuta Apolinary ameshakaa kwenye benchi, amevaa koti.

"Mmiliki ni nani?" afisa aliuliza, macho yakienda moja kwa moja kwenye koti.

"Ni mimi," Georgina alisema, kwa sauti iliyowageuza watu wa meza ya pili. "Huyu ni shemeji yangu. Ana mibuni. Lakini mimi sikuja kusajili mibuni, nimekuja kusajili biashara."

"Na kahawa utaitoa wapi?"

"Nitanunua kwa yeyote anayeuza."

Apolinary alisimama. "Mheshimiwa, jambo hili familia bado haijalikalia kikao."

"Kikao mkae," Georgina alimjibu. "Mimi naomba kalamu."

Ukoo ulikaa kikao, na alisemwa kweli kweli. Kuna waliomwita jeuri, na hawakukosea. Leseni yenye jina la Georgina ilitundikwa ukutani, kahawa ikaingia madukani, na msimu uliofuata watu walipanga foleni barazani kwake na magunia yao ya buni, kumuuzia.

Siku moja Apolinary akatokea na gunia begani, akawapita wote hadi kwenye mzani. Tangu Georgina aache kuzigusa, buni zake hazikuwa na mchumaji wala mpishi; hakutaka ziozee mtini, akazichuma mwenyewe.

"Shemeji, foleni ipo," Georgina alimwambia. "Kaa nyuma ya Pastory, pale mwisho."

Apolinary alitazama barabarani kwa muda, kisha akarudi nyuma na gunia lake. Zamu yake ilipofika, Georgina alimpimia sawa na wengine, akafungua kitabu cha risiti.

"Jina la muuzaji?"

"Georgina, si unanijua!"

"Nakujua vizuri sana. Taja jina."

Alilitaja, kwa sauti ndogo. Georgina akamwomba alirudie.