Hisa za Januari

Pyo Cheolgyu alifika kwenye bwalo la kiwanda, kwa mkutano wa wenye hisa, kabla hata viti havijapangwa. Katika kiwanda hicho, mjini Changwon, alichomelea vyuma vya meli miaka ishirini na sita, akastaafu na hisa mia mbili za kampuni, basi. Sasa alikuwa na zaidi ya elfu arobaini. Hizo nyingine alizinunua Januari kwa kiinua mgongo chake chote, won milioni tisini, na mkewe hajui. Jumamosi hiyo pesa ilitakiwa ifike kwa mwenye nyumba waliyokuwa wanahamia, iwe amana yao ya kupanga.

Kampuni ilikuwa imezama kwenye deni la benki, na wakubwa wakaja na dawa yao: benki zilipwe kwa hisa mpya badala ya pesa. Kwa kila hisa moja iliyopo, zitolewe tatu mpya. Deni linakwisha, kweli, ila anayelilipa ni mwenye hisa mdogo. Supu ya watu wanne inatiwa maji wale kumi na sita.

Jambo hilo lilihitaji theluthi mbili za kura. Cheolgyu akakaa na kalamu, akaona wadogo wakizidi theluthi moja tu, mpango unakufa na bei inapanda. Wadogo huko huitwa sisimizi. Akawakusanya mia tatu kwenye kundi la simu, akawahimiza wanunue zaidi, na yeye akatangulia ili asionekane anawasukuma wenzake shimoni.

Kwenye meza ya kujiandikisha, binti mfanyakazi wa kampuni aliangalia kitambulisho chake, akampa karatasi ya kura mia mbili.

Cheolgyu alimwambia kwa upole kwamba amekosea, aangalie tena. Binti akaangalia tena.

“Mzee, orodha ya wapiga kura ilifungwa siku ya mwisho ya Desemba. Ulizonunua baada ya hapo ni zako, lakini leo hazina kura.”

Nyuma yake alisimama Dalsu, dereva wa teksi, aliyeuza gari lake ili anunue. Naye alipewa karatasi ya kura sitini, za hisa zake za zamani tu. Kila aliyefuata kwenye foleni alikuwa hivyo hivyo.

“Kaka mkubwa,” Dalsu alisema, “si ulituambia umesoma kila kitu?”

“Nilisoma.”

“Ulisoma nini, bei za tambi?”

Hakuna aliyecheka. Cheolgyu tarehe ile aliijua miaka yote. Aliijua kama tarehe ya gawio: ukiwa na hisa siku hiyo, unapata chako. Kwamba na kura zinahesabiwa kwa daftari lilelile, hilo halikumpitia kichwani, na katika watu mia tatu hakuna aliyeuliza.

Akarudi kwa yule binti akaomba, jambo ambalo hakuwahi kumfanyia hata msimamizi wake. Akasema yuko tayari kuonyesha risiti za benki. Binti akamwinamia kwa heshima, akamwita anayefuata.

Alipompigia mkewe simu, mwenyekiti alikuwa ameshaanza kusoma matokeo ya kura. Mkewe alikuwa sokoni, akichagua mapazia. Akauliza dirisha la sebule lina upana gani, maana muuzaji anataka kukata.

“Mama Yeonju, asikate.”

“Nitamwambia asikate vipi? Tunahamia Jumamosi.”

“Pesa ya nyumba niliinunulia hisa. Yote.”

Bwaloni watu wa benki na wa ofisini walipiga makofi, na makofi yakaendelea. Mpango ulikuwa umepita.

“Sikusikii, Baba Yeonju. Kuna kelele. Ulisema umefanya nini?”

Akatoka hadi kwenye kibaraza, akaziba sikio moja kwa kidole. Dalsu alikuwa amechuchumaa ukutani, anamtazama. Ikambidi aseme tena, kwa sauti kubwa zaidi, neno kwa neno, mpaka mkewe asikie.